Vineno vya Nyuma

Mtoto wa Machakos hukutana na "extinguish" kabla hajakutana na "put out". Huijua "postpone" kabla ya "put off", "tolerate" kabla ya "put up with", "alight" kabla ya "get off". Mtoto wa Leeds au Bristol huanzia upande wa pili. Hizo "put out" na "get off" huzisikia jikoni kwa mamake tangu akiwa mchanga, na yale maneno marefu huyafikia shuleni akishapata akili. Kiingereza ni kile kile, ila mmoja alianza na cha nyumbani akapanda hadi cha ofisini, na mwenzake alianza na cha ofisini, akaambiwa cha nyumbani atakipata baadaye, kikiwa swali la mtihani. Kazi yangu ni maneno, na jambo hili limenikaa moyoni kwa muda mrefu. Naamini hapo ndipo pa kuanzia mtu akitaka kuelewa kwa nini vile vitenzi vya maneno mawili au matatu, ambavyo shuleni huitwa "phrasal verbs" bila kutafutiwa jina jingine, huwatoa jasho wanafunzi wetu werevu kabisa.

Ingia katika darasa la kidato cha pili, katika mojawapo ya shule za kutwa zilizo kando ya barabara ya kwenda Kangundo. Mwalimu ameugawa ubao kwa mstari wa wima. Kushoto ameandika kitenzi kimoja mara saba, kila mara amekifuatisha kineno tofauti: put on, put off, put out, put up, put up with, put down, put through. Kulia ameandika maana. Wanafunzi wananakili kimya. Msichana wa dawati la mbele anapiga mistari kwa rula na kalamu nyekundu, kila kitenzi kinapata chumba chake, na daftari lake linapendeza kuliko ubao wenyewe. Ana sababu ya kujitahidi. Karatasi ya pili ya Kiingereza katika KCSE ina sehemu ya sarufi, na humo mwanafunzi huweza kupewa sentensi yenye neno lililopigiwa mstari, aambiwe aliondoe na mahali pake aweke kitenzi cha aina hii. Basi anakariri. Wiki ijayo, akitafuta neno la kuvumilia, ataandika "put on with", au "put up" peke yake, na alama itakwenda.

Hakuzembea. Orodha ile haikumpa pa kushika. Vineno vyenyewe ni vifupi, vinafanana, na kila kimoja kinaonekana kuigeuza "put" kuwa kitu kingine bila sababu yoyote. Mwalimu naye simlaumu, kwa kuwa dakika 40 ni chache na silabasi haimngoji. Lakini lipo jambo moja ambalo wanafunzi huambiwa kwa nadra sana, nami ningependa kila mwalimu wa Kiingereza wa hapa kwetu alitamke siku ya kwanza, kabla ya kushika chaki: lugha zetu hubeba ndani ya kitenzi kile ambacho Kiingereza hukiweka nje.

Angalia tunavyofunga na kufungua. Nyumbani, kwa Kikamba, mlango ni wa kũvinga na kũvingũa. Kwa Kiswahili ni wa kufunga na kufungua. Kitenzi chenyewe ndicho kinachogeuka kikarudi kilikotoka. Tunaziba na kuzibua, tunakunja na kukunjua, tunatega na kutegua, tunaanika nguo asubuhi na kuzianua wingu likitanda upande wa Iveti. Mwingereza akivaa koti ni "put on" na akilivua ni "take off", vitenzi viwili na vineno viwili. Kwetu ni vaa na vua, imebadilika irabu moja tu. Na mwendo ni vivyo hivyo. Panda, shuka, ingia, toka, pita, rudi: kila moja limekwisha kukuonyesha njia kabla ya neno jingine kutamkwa.

Mwanaisimu Mmarekani Leonard Talmy alilieleza hili vizuri katika maandishi yake ya miaka ya 1980 na 1990. Kuna lugha ambazo huitia njia ya mwendo ndani ya kitenzi, na kuna nyingine ambazo huiachia kineno kinachofuata. Tunasema "alitoka mbio". Kitenzi kinasema ametoka. Hiyo mbio inaeleza namna tu, na ukiiondoa bado habari imefika. Mwingereza husema "she ran out". Kitenzi chake ni mbio, na kule kutoka, ambako ndiko habari yenyewe, kumeachiwa kineno chenye herufi tatu. Mtoto aliyelelewa kusikiliza kitenzi huishika "ran" kwa mikono miwili, "out" ikampita. Amesikiliza pale pale lugha yake ilipomfundisha kusikiliza, na habari imekaa pengine.

Ndiyo maana Kiingereza chetu kimevipunguza vineno hivi na watu wakaendelea kuelewana. "Nitakupick Kyumvi", "pick my call", "alinipick steji": ile "up" ya Waingereza ilianguka zamani, na hakuna aliyekosa gari kwa sababu yake. Taa tunazizima kwa "off the lights", kineno kikageuzwa kitenzi kamili, kama zipendavyo lugha zetu. Mahali pengine tumeongeza: "cope up with", "voice out". Mjerumani Josef Schmied, katika kitabu chake cha 1991 kuhusu Kiingereza barani Afrika, alionyesha kwamba mambo ya namna hii yana utaratibu wake na hayakai Kenya peke yake. Nami siwezi kumcheka anayesema hivyo. Ni Kiingereza kilichopita katika midomo yetu kikakaa kama tulivyo. Wasiwasi wangu ni mwingine. Mtu anaweza kufika chuo kikuu, akaandika insha ya kurasa 20 isiyo na doa, na bado asielewe maongezi ya watu wawili wa Manchester wanaongoja basi.

Chanzo chake ni historia. Waingereza wana lugha mbili ndani ya moja. Baada ya Wanormandi kuiteka nchi yao mwaka 1066, Kifaransa kilikaa ikuluni na mahakamani, Kilatini kikakaa kanisani na vyuoni, na kwa karne nyingi maneno yakazidi kuingia kutoka huko. Shambani na jikoni yakabaki maneno mafupi ya asili, na hayo ndiyo yaliyooana na vineno yakazaa bila kikomo. Samuel Johnson, alipotoa kamusi yake mwaka 1755, alieleza katika dibaji kwamba vitenzi vya namna hii ndivyo huwapa wageni taabu kubwa kuliko vyote. Jina lenyewe la "phrasal verb" lilienezwa na Logan Pearsall Smith katika kitabu chake cha 1925, naye alikiri kuwa alilipata kwa Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford.

Kilichopanda hadi huku kwetu ni kile Kiingereza cha mahakamani. Machakos ilikuwa na ngome ya IBEA, kampuni ya Waingereza, kabla Nairobi haijawa hata kambi ya reli, na John Ainsworth aliisimamia tangu mwaka 1892. Lugha ilikuja na stakabadhi ya kodi na hati ya kuitwa kwa hakimu, kisha na kitabu cha shule. Uhuru ulipopatikana, Tume ya Ominde mwaka 1964 ilipendekeza Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza, kwa hiyo kikashuka hadi kwa watoto wadogo, lakini kilishuka kikiwa kimevaa suti. Katika safari yote hiyo hakikulala jikoni hata usiku mmoja. Ndipo tukawa watu ambao kwetu abiria "hualight", mkutano "hucommence", na mtoto wa miaka 12 huandika barua kwa mjomba wake kama karani wa wilaya.

Lakini vineno vikipata jambo zito la kusema, Wakenya huvielewa mara moja. Chukua "step down" na "step aside". Ya kwanza ni kung'atuka. Ya pili ni kupisha. Julai 2008, Amos Kimunya, aliyekuwa Waziri wa Fedha, alikaa kando ili uuzaji wa hoteli ya Grand Regency uchunguzwe, na Januari 2009 akarudi katika Baraza la Mawaziri, sasa katika Wizara ya Biashara. Machi 2015, Rais Uhuru Kenyatta akihutubia Bunge aliwataka maafisa waliotajwa katika ripoti ya Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi wakae kando uchunguzi ufanywe, na nchi nzima ikabishana: wameondoka, au wamepisha tu? Katika mabishano yale hakuna aliyehitaji kufafanuliwa kwamba "aside" si "down". Kazi ya mtu na jina lake vilikuwa vimening'inia kwenye kineno hicho.

Vivyo hivyo na "move on". Mahakama ya Juu ilipoidhinisha matokeo ya uchaguzi wa urais tarehe 30 Machi 2013, "accept and move on" ilienea kila kona. Wengine waliitamka kwa nasaha, wengine kwa uchungu mkubwa. Leo kijana aliyeachwa na mpenzi wake hukuambia "nimemove on", na hiyo "on" ameiweka mahali pake sawasawa. Hakuikariri popote. Aliisikia mara nyingi, kila mara penye watu waliomaanisha walichosema.

Mahali ambapo upungufu huu unauma kweli ni hospitalini. Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wa kuwaruhusu wauguzi wetu kwenda kufanya kazi kule. Miezi michache baadaye, Januari 2022, Mutahi Kagwe, aliyekuwa Waziri wa Afya, alieleza kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanyiwa mtihani wa Kiingereza ni 10 tu waliopita. Habari ile iliwashangaza wengi, kwa kuwa hao ni watu waliosoma kwa Kiingereza tangu utotoni, na uuguzi wote wameusomea kwa Kiingereza. Sitasema waliangushwa na vineno. Mtihani una mambo mengi. Lakini nikiwatazama wanafunzi wa chuo cha KMTC cha hapa Machakos wakivuka barabara na sare zao, huwaza kile ambacho mgonjwa wa Birmingham atawaambia saa nane ya usiku.

Hatasema "I vomited". Atasema "I threw up". Hatasema mguu "is swollen", atasema "it's puffed up". Ganzi ikianza kwisha atasema "it's wearing off", na kidonda cha zamani kikianza tena kusumbua, "it's playing up". Mwanawe akipiga simu wodini atasema baba jana "passed out", au atasema jirani wa kitanda cha pili "passed away", na muuguzi asiyekisikia kineno vizuri atakuwa amechanganya aliyezimia na aliyefariki. Kisha aliyezimia "comes round", yaani anazinduka. Ona Kiswahili kinavyotenda kazi hiyo: tapika, vimba, zimia, zinduka, fariki. Kila hali ina kitenzi chake, hakifanani na kingine, huwezi kuvichanganya hata ukiwa na usingizi. Kwa Kiingereza zimia na fariki zimekaa juu ya "pass" moja, na uhai wa mtu umo katika sauti fupi inayofuata.

Vitasomwaje, basi? Mimi naona kosa la orodha ya ubaoni ni kwamba imepangwa chini ya kitenzi, wakati kitenzi ndicho chenye habari kidogo zaidi. "Put", "get", "set" na "take" zimechakaa kwa kutumika. Kilicho hai ni kineno. Geuza ubao. Andika "off" juu, na chini yake yapange yote yanayoitii: get off, take off, break off, cut off, wear off, call off, put off. Mwanafunzi ataona mwenyewe kwamba kila mahali kitu kinabanduka kutoka kwa kingine. Mguu unaachana na ngazi ya matatu, koti linaachana na mwili, dawa inaachana na maumivu iliyokuwa imeyakalia. Mkutano uliokuwa umebandikwa kwenye Jumanne umebanduliwa: ukiwa "put off" umesukumwa mbele, utafanyika siku nyingine, ukiwa "called off" umeitwa ukaondoka kabisa. Kwa mtu anayetembea kutoka Mua hadi mjini kuhudhuria baraza, tofauti hiyo si ndogo.

"Out" nayo ina njia zake mbili. Kitu kinatoka ndani kikaonekana: find out, come out, point out, speak out. Au kinatoka hadi kikaisha: run out, wear out, die out, na ile "put out" ya moto. Anayezungumza Kiswahili hana sababu ya kushangazwa na njia hii ya pili, kwa kuwa hata sisi roho ya mtu ikimtoka tunajua haikutoka kwenda matembezini. "Up" ni ngumu zaidi. Inaanza na kupanda, kisha inakuja kumaanisha kufika mwisho: eat up, use up, dry up, fill up. Kisima kikikauka, maji yameshuka, na bado Mwingereza husema "up". Hapo mwanafunzi anahitaji kuambiwa wazi kwamba kineno kimeacha kuonyesha upande na sasa kinaonyesha ukamilifu, kile ambacho sisi hukisema kwa "kabisa" au "yote pia". Na yatabaki machache yasiyotii chochote. "Put up with" nimeigeuza huku na huku, na naona heri ikaririwe tu, kisha isikike mara nyingi.

Kwa mambo haya Machakos ina mfano wake, uliozaliwa katika udongo wake, na nashangaa hautumiwi madarasani. Ni "fanya juu". Mkulima wa mteremko huchimba mtaro unaokata mlima, upana wa kama sentimita 60 na kina kama hicho, na udongo wote huutupa upande wa juu. Udongo ule unakuwa tuta. Juu ya tuta hupandwa nepia au makarikari ili mizizi ilishike. Mvua ikija, maji na udongo kutoka juu hukwama hapo, na kadiri misimu inavyopita shamba lililokuwa limelala mshazari hujinyoosha likawa ngazi. Ukiutupa udongo upande wa bondeni, hiyo ni "fanya chini".

Makinga maji hayakupendwa mwanzoni. Wakati wa ukoloni yalichimbwa kwa amri, na watu hawakusahau kwamba serikali iliyowaambia wachimbe ndiyo iliyotaka kuwapunguzia ng'ombe mwaka 1938, hadi Muindi Mbingu akawaongoza kwenda Nairobi kumlalamikia gavana. Baada ya Uhuru hali iligeuka. Watu walichimba wenyewe, familia kwa familia na kwa mwethya, yaani vikundi vya kusaidiana kazi, wanawake wakiwa wengi, na kati ya namna zote walizoonyeshwa waliichagua zaidi fanya juu. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki waliiandika habari hiyo katika kitabu cha 1994, wakionyesha kwamba kati ya miaka ya 1930 na 1990 watu wa wilaya ya zamani ya Machakos, Makueni ikiwa ndani yake, waliongezeka zaidi ya mara tano, na mmomonyoko ukapungua badala ya kuzidi.

Sasa litazame jina. "Fanya" haina kitu ndani yake. Inaweza kufanya lolote, kama "put" na "do". Maana yote imekaa kwenye "juu". Ni kitenzi cha maneno mawili hasa, kwa Kiswahili, na kimeingia katika vitabu vya Kiingereza vya uhifadhi wa udongo bila kutafsiriwa, kwa sababu tafsiri ingekuwa ndefu kuliko mtaro. Wala hakuna mkulima wa hapa aliyekariri tofauti ya fanya juu na fanya chini daftarini. Alishika jembe, akaambiwa udongo uende wapi.

Tangu miaka ya 1980 mitaro hiyo imechimbwa hata katika nyanda za juu za Ethiopia, na jina limebaki lile lile. Mkulima wa Gojjam anasema Kiamhari. "Fanya" si neno lake, wala "juu". Afisa wa kilimo anayemwonyesha naye hakijui Kiswahili. Wanasimama kwenye mteremko, koleo la kwanza linatupwa upande wa juu, jina linatajwa, na kazi inaendelea. Siku wakitaka udongo uende upande wa pili, hubadilisha neno la nyuma peke yake.